NANI ANANGOJA JIBU? Uhakiki wa Vyombo vya Kisasa na Kazi Halisi katika Ufundishaji wa Kiswahili, Kisumu na Mwambao wa Ziwa Victoria

Makala haya yanakusudia kulichunguza dai moja ambalo husikika kila panapojadiliwa mafunzo ya lugha nchini Kenya, nalo ni kwamba Kiswahili cha wanafunzi kitaimarika endapo shule zitapewa vyombo vya kisasa, na endapo wanafunzi watapewa kazi halisi badala ya mazoezi ya kitabuni. Dai hili lina nusu mbili, na aghalabu nusu hizo hutamkwa kwa pumzi moja kana kwamba ya kwanza huizaa ya pili. Uwanja wa uchunguzi ni Kisumu na mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza ya walio wengi, wala si lugha ya kigeni. Hali hiyo ya katikati ndiyo inayofanya dai lenyewe lipimike vizuri zaidi hapa kuliko Lamu au Mombasa.

Sajili ya soko lisilo na jina

Yafaa kuanza na mtihani, kwa kuwa ndio unaoamua kinachofundishwa. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, sehemu ya isimujamii huweza kumpa mtahiniwa mistari michache ya mazungumzo, kisha akatakiwa ataje sajili inayohusika na aeleze sifa zake. Yakiwa ni mazungumzo ya sokoni, mtahiniwa aliyefundwa vyema hujibu bila kusita: ni sajili ya biashara, ina msamiati maalumu, ina lugha ya kushawishi, kuna kuchanganya ndimi, kuna kupatana bei. Majibu hayo yamo katika miongozo ya wanafunzi, nayo hukaririwa kama vile wazee wao walivyokariri majedwali ya hesabu.

Mtahiniwa huyo anaweza kuwa mtoto wa mama auzaye omena katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Siku ya Jumapili, soko linapofurika, humsaidia mama yake kupima kwa gorogoro na kubishana na wanunuzi waliotoka Vihiga, Kisii na Nandi, watu ambao hawakijui Kidholuo na ambao mama yake hazijui lugha zao. Kiswahili ndicho kinachowauzia na kuwanunulia. Kwa hiyo mtoto huyu anaijua sajili ya biashara kwa masikio na kwa ulimi. Hata hivyo shule haimwulizi lolote juu ya Kibuye. Inamtaka akariri sifa za soko lisilo na jina, katika mazungumzo yaliyotungwa mezani na mtu ambaye huenda hakununua samaki siku hiyo. Naye akithubutu kuandika vile alivyosikia, kwamba mnunuzi alisema "hii samaki ni pesa ngapi", atakatwa alama za sarufi.

Basi kinachoonekana hapa si uhaba wa lugha, bali ni ukuta baina ya lugha iliyo nje ya darasa na lugha iliyo ndani yake. Swali la kuuliza kuhusu chombo chochote cha kisasa, na kuhusu kazi yoyote inayoitwa halisi, ni kama inautoboa ukuta huo au inaupaka rangi tu.

Vyombo vinavyosema bila kusikiliza

Historia ya vyombo katika mafunzo ya lugha nchini Kenya ni ndefu kuliko wanavyodhani wale wanaoianzisha na kompyuta. Jaribio linalotajwa zaidi katika maandishi ya kitaalamu ni lile la kati ya 1980 na 1985, ambapo Taasisi ya Elimu ya Kenya ilishiriki katika mradi wa kufundisha lugha kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi za mashambani. Lugha hiyo ilikuwa Kiingereza. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha kipindi kikaendelea. Ulikuwa ubunifu mkubwa kwa wakati wake, na watoto walinufaika. Lakini redio iliendelea vilevile, jibu liwe sahihi au lisiwe, liwepo au lisiwepo. Mtoto alizungumza na chombo ambacho hakikuwa na haja na jibu lake.

Inafaa kutaja kwamba mwaka huohuo wa 1985, mradi ule ulipofikia kikomo, mfumo wa 8-4-4 ulianza na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981. Kwa mwambao wa ziwa haya yalikuwa mageuzi mazito. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaleta Kiswahili cha makarani, askari na wachuuzi. Lakini shule za wamishenari, kuanzia ile ya Maseno ya mwaka 1906, zilijengwa juu ya Kidholuo na Kiingereza. Kiswahili kilibaki lugha ya stesheni na ya kambi. Mwaka 1985 kikatakiwa kiwe lugha ya cheti, na walimu wakaambiwa watafute njia.

Chombo kikubwa kilichofuata ni vishikwambi. Ahadi ya mwaka 2013 ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta iligeuka, baada ya mivutano ya zabuni, kuwa mpango ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma nchini kote. Vilikuja na masomo yaliyopakiwa tayari: hadithi, picha, nyimbo, mazoezi ya kuchagua jibu. Mtoto wa Usenge na mtoto wa Kilifi wakapokea Kiswahili kilekile kwa sauti ileile. Kwa upande mmoja hilo ni jema, kwani mtoto aliye mbali alipata kusikia matamshi sanifu. Kwa upande mwingine ni ile redio ya 1980 iliyopewa kioo. Kishikwambi kina kinasa sauti na kamera, yaani kina masikio na macho. Lakini matumizi yaliyotiliwa mkazo ni ya mdomo wake.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yakahamia redioni na katika runinga. Hapo udhaifu huu ulidhihirika kuliko wakati mwingine wowote. Mwalimu alisema, kama yupo aliyesikiliza, hakuwa na njia ya kujua.

Haikusudiwi hapa kuvidharau vyombo. Kinachokosolewa ni mwelekeo wake, kwamba karibu vyote vimetumiwa kuyapeleka maneno kwa mwanafunzi, na ni nadra vitumiwe kuyaleta maneno yake, au ya jirani zake, mbele ya mtu anayeyahitaji.

Nadharia iliyozaliwa penginepo

Nusu ya pili ya dai, yaani kazi halisi, ina asili yake. Dell Hymes alipoeleza umilisi wa mawasiliano mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Baraza la Ulaya lilipotoa mwaka 1975 maelezo ya kiwango cha kizingiti kwa wanaojifunza lugha, fikra iliyotawala ilikuwa ya mtu mzima anayehamia nchi ambako lugha anayojifunza inazungumzwa na kila mtu. Kwa mtu huyo, kutoka nje ya darasa ni kuingia katika lugha. Ukimtuma mgeni mjini London akaulize nauli ya basi, hana njia ila kuuliza kwa Kiingereza, na dereva hana njia ila kumjibu kwa Kiingereza.

Peleka fikra hiyo Kisumu uone inavyopinda. Mwalimu mwenye nia njema anawapeleka wanafunzi wake ufuoni Dunga, wakiwa na kinasa sauti, wakawahoji wavuvi kwa Kiswahili kuhusu kazi yao. Wavuvi ni Wajaluo na wanafunzi ni Wajaluo. Mvuvi anashangaa kuona mtoto wa jirani yake akimsemesha kama afisa kutoka Nairobi. Anajibu kwa adabu maneno machache, kisha anarudi katika lugha yake. Wanafunzi wanarejea darasani na dakika chache za Kiswahili cha kulazimisha, na pengine saa nzima ya Kidholuo kizuri ambacho mwalimu hajui akifanyie nini. Kazi hii inaitwa halisi kwa kuwa imefanyika nje, penye upepo na harufu ya samaki. Kwa kweli ni mchezo wa kuigiza ambao mmoja wa waigizaji hakupewa maneno yake.

Mtu aliyeliona tatizo linalokaribiana na hili ni N. S. Prabhu, katika jaribio lake la Bangalore la kati ya 1979 na 1984. Huko Kiingereza hakikuwa lugha ya nje ya darasa kwa wanafunzi wake, na Prabhu hakujifanya kwamba ni hivyo. Aliwapa kazi zenye tatizo la kufikiri: ratiba za treni, ramani, maelekezo ambayo lazima yaeleweke ndipo jibu lipatikane. Uhalisi wake haukuwa mahali, ulikuwa haja. Mwanafunzi alihitaji kujua kitu, na lugha ndiyo iliyokuwa njia ya kukijua. Wanaoinukuu nadharia ya kazi halisi katika vyuo vya ualimu wangefaidika zaidi wakianzia Bangalore kuliko Ulaya.

Lakini Kisumu si Bangalore pia, kwa kuwa hapa ziko haja za kweli ambazo haziwezi kutimizwa ila kwa Kiswahili. Kinachotakiwa ni kuzitafuta ziliko. Zipo pale ambapo lugha mbili zinakutana na mmoja wa wasemaji hana lugha ya mwenziwe: Kibuye siku ya Jumapili, kituo cha mabasi, foleni ya hospitali, mahakamani, bandarini, na mpakani Isebania.

Mgongo wazi na mapanki

Mfano ulio bora zaidi umo katika jina la chakula. Viwanda vya samaki vilipoanza kumkata mbuta minofu ya kupelekwa ng'ambo, kilichobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mabaki hayo hununuliwa, hukaangwa na kuuzwa, hasa katika mtaa wa Obunga, na jina lake Kisumu ni mgongo wazi. Jina hili ni Kiswahili safi: nomino na kivumishi chake, limeundwa kwa jicho kali na kwa kicheko kidogo cha uchungu. Halikutungwa Pwani wala na kamati yoyote ya istilahi. Upande wa pili wa ziwa, Mwanza, kitu hichohicho huitwa mapanki, na jina hilo lilifika mbali mwaka 2004 kwa filamu ya Hubert Sauper juu ya biashara ya sangara. Kitu kimoja, ziwa moja, lugha moja, majina mawili.

Hali ni hiyohiyo kwa samaki wenyewe. Mbuta wa Kisumu ndiye sangara wa Mwanza. Ngege ni sato. Omena ni dagaa. Mumi ni kambare. Fulu ni furu. Mfanyabiashara wa Kenya anayeagiza dagaa kutoka Tanzania hana budi ayajue majina yote mawili. Mwanafunzi wa Homa Bay au Migori anayeandaa orodha ya majina haya, pamoja na vipimo, hali za samaki na maneno ya bei, na kuithibitisha kwa ujumbe wa sauti uliotumwa kwa mtu aliye Musoma au Mwanza, anafanya kazi ya leksikografia ambayo ina mtumiaji. Simu hapa haikuja kupamba somo. Bila simu Musoma haifikiki kwa saa moja ya kipindi.

Kuna tahadhari moja inayochekesha kidogo. Mwalimu asidhani kwamba kuvuka mpaka kunatosha. Akiwaunganisha wanafunzi wake na wenzao wa Shirati, wilayani Rorya, watazungumza Kidholuo kwa furaha kubwa, kwa maana huko nako ni Wajaluo. Hata hivyo Shirati ina somo lake kwa wanaolaumu Kidholuo kwa kila kosa la Kiswahili linalotendwa Kisumu. Tangu baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule za msingi za Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili, na Mjaluo wa Rorya amejifunza hesabu na jiografia katika lugha hiyo. Lugha mama ni ileile pande zote mbili. Kilichotofautiana ni kwamba upande mmoja Kiswahili kilikuwa na kazi ya kufanya, na upande wa pili kilikuwa na mtihani wa kufanya.

Kazi nyingine yenye haja ya kweli ni tafsiri ya taarifa za hali ya hewa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulijaribu kuwafikishia wavuvi wa ziwa hili tahadhari za mapema za dhoruba, na idara za hali ya hewa za nchi za ukanda huu zikahusika. Taarifa ya namna hii huandikwa na wataalamu, lakini anayeamua kuitegemea au kuipuuza ni mtu aliyeshika kasia. Anayejaribu kuitafsiri kwa Kiswahili hugundua mara moja jambo ambalo kitabu hakimwambii. Kiswahili kina maneno ya upepo yaliyokomaa, lakini ni maneno ya bahari. Kusi na kaskazi ni pepo za misimu, zinazogeuka mara chache kwa mwaka. Ziwani upepo hugeuka kati ya usiku na mchana: usiku huvuma kutoka nchi kavu kuelekea majini, mchana hurudi. Mwanafunzi akiandika kaskazi, je, amemwambia mvuvi msimu au upande? Na akiandika kwamba mawimbi ni ya wastani, wastani wa chombo kipi, mtumbwi au meli? Maswali haya hayapatikani katika zoezi la kujaza mapengo. Hutokea kwa sababu yupo mtu anayengoja jibu, na jibu baya laweza kumgharimu.

Samaki huyu, samaki hii

Pingamizi zito dhidi ya yote yaliyotangulia ni la wapenzi wa Kiswahili sanifu. Husema hivi: mkiuleta usemi wa Kibuye darasani mtakuwa mmeuhalalisha, mtoto atakwenda na "hii samaki" yake hadi chuo kikuu, na mtihani utamwangusha. Pingamizi hili halifai kubezwa. Anayeangushwa na mtihani si mtaalamu wa nadharia. Ni mtoto ambaye ada yake ilitokana na omena. Wapo waandishi wanaosifu uhuru wa lugha hali wao wenyewe wamekwisha kupata vyeti vyao kwa sanifu. Huo si ukarimu.

Lakini pingamizi hilo linadhani kwamba usemi wa soko una njia mbili tu darasani, kusifiwa au kupigwa marufuku. Iko ya tatu, nayo ni kuchunguzwa. Chukua usemi uleule: "hii samaki ni pesa ngapi". Sanifu hutaka "samaki huyu", kwa kuwa majina ya viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA bila kujali umbo la nomino. Mwalimu akiishia hapo, mwanafunzi ataandika sheria na kuisahau. Akienda mbele kidogo atawaonyesha kwamba sanifu yenyewe ina mshono mahali hapa: husemwa "samaki wawili", lakini pia husemwa "samaki zangu", kama ilivyo "mbuzi zangu" na "rafiki zangu". Kivumishi cha kumiliki kimebaki na ngeli ya umbo ilhali vingine vimehamia katika ngeli ya uhai. Basi msemaji wa Kibuye hakuzua kitu cha ajabu. Ameufuata upande mmoja wa mshono ambao sanifu haijaumaliza kuushona.

Kuna zaidi. Mnunuzi aliyesimama mbele ya rundo la omena waliokaushwa, maelfu kwa maelfu, wanaopimwa kwa gorogoro kama mahindi, anaona kiasi, haoni viumbe. "Omena hii" ni ya nani, ya mjinga wa sarufi au ya mtu anayesema anachokiona? Sanifu ingemtaka aseme "omena hawa", kama "dagaa wengi". Swali la lini mnyama huacha kuwa mnyama katika upatanisho na kuwa chakula limejadiliwa na wanasarufi bila kuisha. Hapa liko sokoni, linapimwa kwa kopo. Mwanafunzi aliyelijadili swali hilo kwa kutumia sauti aliyoinasa mwenyewe hatasahau kamwe kwamba mtihani unataka "samaki huyu", na atajua kwa nini.

Wala isisemwe kwamba kosa hili ni la Kidholuo. Ni kweli kwamba Kidholuo, kwa kuwa ni lugha ya Kinailoti, hakina ngeli za namna ya Kibantu. Lakini "hii kitu" na "watu ingine" husikika pia kwa Waluhya na Wakikuyu, ambao lugha zao zimejaa ngeli. Hicho ni Kiswahili cha bara, na kina taratibu zake. Athari ya Kidholuo iko zaidi katika sauti: kwa kuwa hakina /sh/ wala /z/, wasemaji wengi huziweka zote katika /s/, na "shaba" ikawa "saba", "zaa" ikawa "saa". Hapa kinasa sauti ni mwalimu bora kuliko fimbo, maana mtu hawezi kurekebisha sauti ambayo hajaisikia kutoka kinywani mwake.

Hazina ya Maseno

Kazi inayoonyesha vyema kwamba chombo chaweza kugeuzwa mwelekeo imefanyika ukanda huuhuu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maseno, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Africa Nazarene University, walikusanya hazina ya lugha iitwayo Kencorpus na kuieleza kwa umma wa wanazuoni mwaka 2022. Ina Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Ina maandishi yenye maneno yapatayo milioni 5.6 na rekodi za sauti za saa 177, yaliyotoka kwa jamii, shuleni, katika vyombo vya habari na kwa wachapishaji. Ndani yake mna pia sentensi za Kidholuo na Kiluhya zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Hazina hii ilikusanywa ili kompyuta zijifunze lugha za Kenya, na kwa lengo hilo inastahili sifa. Lakini jambo lililo muhimu kwa mwalimu ni lingine. Kwa mara moja chombo kilikuja ziwani kusikiliza. Kidholuo kiliwekwa kando ya Kiswahili bila aibu, tafsiri ikawa daraja baina yao, na maandishi ya mwanafunzi yakawa data inayohitajika, si karatasi inayongoja wino mwekundu. Hakuna kinachozuia darasa la kidato cha tatu kufanya jambo hilohilo kwa kipimo kidogo: dakika kumi za Kibuye, zilizonaswa kwa idhini ya wenye sauti, zikanukuliwa kwa maandishi, zikafafanuliwa, na pale zilipo za Kidholuo zikatafsiriwa. Idhini hiyo si adabu ya juu juu. Mama anayepatana bei ana haki ya kukataa sauti yake isiwe mfano wa makosa ubaoni, na mwanafunzi anayejifunza kumwomba kwa Kiswahili kinachoeleweka amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Tangu mwishoni mwa 2022, mashine za kuandika zilipoanza kutumiwa na umma, hoja hii imepata nguvu mpya. Mashine ikiombwa mazungumzo ya sokoni huyatoa mara moja, yakiwa na ushawishi, kuchanganya ndimi na kupatana bei, sifa zote zinazotakiwa na mwongozo. Walimu wengi wameliona hilo kuwa janga la udanganyifu. Pengine lionwe kwanza kuwa hukumu. Zoezi ambalo mashine isiyowahi kuonja samaki inaweza kulipata alama zote halikuwa likipima ujuzi wa soko hata kabla ya mashine kuwapo. Kitu ambacho mashine haiwezi kusema ni kile mnunuzi alichosema Kibuye Jumapili iliyopita.

Vikwazo vilivyobaki ni vya kawaida na vinajulikana. Madarasa ni makubwa, na mwalimu mmoja hawezi kusikiliza rekodi za wanafunzi sitini kila wiki. Lakini anaweza kusikiliza kumi na mbili, za vikundi vya watano watano. Shule nyingi za mabweni haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na kwa sababu zinazoeleweka; lakini kishikwambi kilichofungiwa kabatini, na simu ya mwalimu mwenyewe, vyatosha kwa rekodi moja. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unataja mawasiliano na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa msingi, na unatoa nafasi ya tathmini ya shuleni. Karatasi haikosekani.

Kigumu ni alama. Katika miaka yote ya 8-4-4 Kiswahili kilitahiniwa kwa Insha, Lugha na Fasihi, zote za kuandika. Hapakuwa na karatasi ya kuzungumza wala ya kusikiliza. Tathmini ya shuleni ikifuata desturi hiyo, mwanafunzi atanasa sauti, ataichambua, ataitafsiri, kisha ataombwa aandike sifa tano za sajili ya biashara. Jambo la kuamuliwa na idara za Kiswahili, kwa kuwa ndizo zinazowaandaa walimu na kutoa watahini, ni namna ya kuisahihisha rekodi ya Kibuye: alama ngapi za unukuzi mwaminifu, ngapi za uchambuzi, ngapi za tafsiri, na nani, nje ya darasa, aulizwe kama tafsiri hiyo ilimfaa.